Tandu si Jongoo: Mjue Mchana, Usije Ukamkisia Usiku



Mvua za kwanza zinapoupiga udongo wa tambarare ya Imbo, baada ya kiangazi cha tangu mwezi wa Juni, viumbe wadogo waliokuwa wamejificha chini hupanda juu. Kumbikumbi huruka, vyura hulia kandokando ya mto Ntahangwa, na katika nyumba za Buyenzi, Bwiza, Kinama na Kamenge akina mama huanza kumwona mgeni mwembamba, mwekundu au wa rangi ya udongo, akipita mbio chini ya ukuta. Mmoja hupiga ukelele kwamba ni nyoka. Wa pili husema ni jongoo. Wa tatu humtaja kwa Kifaransa, "mille-pattes", jina lisilosaidia kitu hapa, maana wasemaji wengi hulitumia kwa jongoo na kwa tandu bila kubagua.

Kukosea jina kwaweza kuonekana ni jambo dogo. Mfikirie, basi, mtoto aliyelala mkekani, akaumwa mguuni saa nane za usiku. Taa inapowashwa, kilichomuuma kimekwisha kutoweka. Zimebaki alama mbili nyekundu zilizokaribiana, na mtoto analia kwa uchungu. Tandu huacha alama mbili. Nyoka naye aweza kuacha alama mbili. Mzazi asiyewajua viumbe hawa yu karibu kuanguka katika kosa moja kati ya mawili: ama atamfunga mtoto kamba na kumchanja kwa wembe kwa ajili ya tandu ambaye uchungu wake ungepoa wenyewe, ama atasema "ni tandu tu" na kumrudisha kulala mtoto aliyeumwa na nyoka. Kosa la kwanza huleta kidonda. La pili laweza kuleta msiba.

Kwa sababu hiyo ukurasa wetu juma hili wapenda kuwaeleza askari, polisi na jamaa zao namna ya kumtafuta tandu kwa hiari, wakati wa mchana na kwa utulivu, ili macho yapate kumzoea. Mtu aliyemtazama tandu mara tatu mchana humtambua kwa nukta moja usiku, hata kwa mwanga wa tochi inayotetemeka mkononi.

HESABU YA MIGUU

Tandu na jongoo ni jamaa wa mbali. Wote wawili wana mwili uliogawanyika katika pingili nyingi mfano wa muwa, na wote wana miguu mingi. Lakini tofauti zao ni dhahiri kwa atazamaye.

Jongoo ana jozi mbili za miguu katika takriban kila pingili, na miguu hiyo imekaa chini ya tumbo, mifupi, ikienda kama wimbi. Mwili wake ni wa mviringo kama kalamu ya risasi. Huenda polepole, na akiguswa hujikunja kama chemchemi ya saa. Chakula chake ni majani makavu na miti iliyooza, na kwa kazi hiyo huirudishia shamba rutuba yake.

Tandu ana jozi moja tu ya miguu katika kila pingili, nayo imejitokeza ubavuni, kushoto na kulia, kama makasia ya mtumbwi. Mwili wake umebapa kama utepe, ndiyo maana huweza kupenya katika ufa ambao kidole hakiingii. Akifunuliwa hakai kujikunja, bali hukimbia upesi kutafuta giza. Naye hali majani. Ni mwindaji, hula mende, nzige, buibui, nyungunyungu, na akiwa mkubwa hata mjusi mdogo au mtoto wa panya.

Basi ukikumbuka maneno manne utakuwa umekwisha kufaulu nusu ya mtihani: jongoo ni mviringo na mpole, tandu ni bapa na mbio.

Wahenga walisema kwamba mtupa jongoo hutupa na mti wake. Mwenye methali hii alikuwa ameona vyema: jongoo akishapanda juu ya kijiti hutulia pale pale, akatupwa pamoja nacho. Mtu asijaribu hivyo kwa tandu, kwani tandu hukimbia juu ya kijiti hadi kuufikia mkono ulioshika.

Tena kuna ajabu moja katika hesabu. Jozi za miguu ya tandu aliyekomaa huwa ni witiri: 15, 21, 23, 27 na kuendelea, hadi 191 kwa jamaa zake warefu kuliko wote. Na kwa kuwa miguu mia moja kamili ni jozi 50, ambazo si witiri, tandu wa kawaida hawi kamwe na miguu mia, ijapokuwa lugha nyingi za Ulaya zimempa jina la "mwenye miguu mia". Jongoo naye husemwa kuwa na miguu elfu, lakini kwa miaka mingi hakuna aliyepata kuonekana na elfu moja. Ni mwaka 2021 tu ndipo wataalamu walipotangaza jongoo wa Australia, aliyetolewa chini sana ardhini kupitia shimo lililotobolewa na watafuta madini, mwenye miguu 1,306.

KUCHA ZA SUMU

Watu wengi hudhani tandu huuma kwa meno, na wengine kwamba huchoma kwa mkia. Yote mawili si sahihi. Jozi ya kwanza ya miguu, iliyo nyuma tu ya kichwa, imegeuka kuwa kucha mbili nene zilizopinda kuelekeana mfano wa koleo. Ndani ya kila kucha mna tezi ya sumu, na kwenye ncha yake mna tundu dogo la kuitolea. Tandu hukamata windo lake kwa kucha hizo, akalitia sumu, kisha akaanza kula. Alama mbili anazoziacha ngozini ni alama za kucha hizo.

Huko nyuma, jozi ya mwisho ya miguu ni mirefu na minene kuliko mingine. Tandu haitumii kutembelea, bali huiburuta. Humwezesha kushika windo, na humdanganya adui asijue kichwa kiko upande gani. Watoto wanaomwinua tandu kwa "mkia" wakidhani wameshika upande wa usalama hushangaa anapojipinda mara moja na kuwafikia vidole.

MAKUNDI MATATU YA KUKUMBUKA

Wataalamu wameorodhesha aina zaidi ya 3,000 za tandu ulimwenguni. Msomaji hana haja ya kuzijua zote. Kwa mahitaji ya nyumbani na kambini yatosha kuyajua makundi matatu.

Kundi la kwanza ni tandu wakubwa. Hao wana jozi 21 za miguu, na jamaa zao wachache jozi 23. Aliyeenea mno katika Afrika ni yule ambaye Linnaeus wa Sweden alimpa jina la Scolopendra morsitans mwaka 1758. Na neno hilo la pili maana yake ni "mwenye kuuma". Rangi yake hubadilika kutoka mahali hadi mahali, aghalabu ni ya manjano au kahawia yenye mstari mweusi mwishoni mwa kila pingili, na kichwa chaweza kuwa chekundu. Aliyekomaa hupita sentimita 10 kwa urahisi, yaani marefu ya vibiriti viwili vilivyopangwa. Ukimtazama kwa makini utaona vijicho vinne kama punje za mchanga kila upande wa kichwa. Katika kundi hilo hilo yumo Ethmostigmus trigonopodus, tandu mwingine mkubwa wa Afrika, ambaye mara nyingi miguu yake huwa na wekundu, umanjano au ubuluu unaong'aa. Katika Afrika ya Mashariki yuko pia Alipes, ambaye miguu yake ya mwisho imebapa kama majani madogo, naye akitishwa huitikisa ikatoa sauti ya mchakacho. Hawa wakubwa ndio wa kuchungwa.

Kundi la pili ni tandu wa udongo. Ni wembamba kama uzi wa viatu, rangi yao ni ya manjano hafifu, hawana macho kabisa, na jozi zao za miguu huanzia 27. Mkulima akichimba viazi humwona akijinyonga katika bonge la udongo na kumdhania ni mnyoo. Huyu kwa binadamu ni kama hana madhara.

Kundi la tatu ni tandu wenye miguu mirefu. Wana jozi 15 tu, lakini kila mguu ni mrefu na mwembamba kama unywele, hata mnyama mzima huonekana kama manyoya yanayokimbia ukutani. Macho yao ni makubwa. Hukaa mapangoni, chini ya magome na katika vyumba vyenye unyevu, wakiwinda mende na nzi. Ni mara chache sana kumuuma mtu.

MAHALI PA KUMTAFUTA

Siri ya kumpata tandu ni moja, nayo ni maji. Ngozi yake haizuii vyema maji ya mwilini yasipotee, na akikaa juani kwa muda hukauka na kufa. Kwa hiyo mchana huitafuta giza yenye unyevu, na usiku hutoka kuwinda. Wakati wa kiangazi huzama chini katika nyufa za udongo, na ndiyo sababu mtu aweza kugeuza mawe siku nzima mwezi wa Julai asimwone hata mmoja. Mvua zikirudi, kuanzia mwisho wa Septemba hadi Desemba, na tena kuanzia Februari hadi Mei, hupanda juu.

Anayekaa Bujumbura hana haja ya kwenda mbali. Atazame chini ya shina la mgomba lililokatwa na kuachwa lioze. Hapana mahali pazuri zaidi katika nchi hii ya migomba. Atazame chini ya rundo la matofali, chini ya gunia la makaa lililokaa muda mrefu, chini ya mabati yaliyolazwa uani, katika kuni zilizopangwa ukutani, na chini ya mawe ya miteremko ya Kiriri na Gihosha. Kusini, katika mashamba ya michikichi ya Rumonge, magogo yaliyooza na makuti yaliyorundikana ni makazi yake. Katika msitu wa Kibira, ulio juu kwenye kilele kigawacho maji ya Kongo na ya Nile, na wenye ukubwa wa kilomita za mraba 400 hivi, majani yaliyooza hayakauki upesi, na huko ndiko wanakopatikana kwa urahisi wale wadogo. Lakini Kibira ni hifadhi ya taifa: mtu haingii bila ruhusa, wala hatoi kiumbe humo.

Kandokando ya mto Rusizi tandu wapo, ila ukurasa huu hauwashauri wasomaji wawatafute huko usiku. Viboko hutoka majini kwenda kula majani giza liingiapo, na mamba wa mto huo wanajulikana ulimwenguni, hasa yule mkubwa aliyepewa jina la Gustave. Hakuna tandu anayestahili hatari hiyo.

Tukumbuke pia mafuriko. Mwezi wa Aprili 2020 Rusizi ulipovunja kingo zake na kuijaza maji Gatumba, maelfu ya jamaa walilazimika kuhama. Maji yanapojaa mashimo ya ardhini, tandu, nge na nyoka nao huhama, na wote hukimbilia pale pale wanapokimbilia watu, yaani penye mwinuko na pakavu. Katika kambi ya waliohamishwa, kutikisa mkeka kabla ya kulala ni jambo la lazima kama kuchemsha maji ya kunywa.

NAMNA YA KUMTAFUTA

Uchukue mambo matano: viatu vya kufunika mguu, kijiti kigumu cha urefu wa mkono, chupa pana yenye mfuniko, kijiko kirefu au koleo la jikoni lililochakaa, na tochi. Watoto waende na mtu mzima, nao wawe watazamaji, si washikaji.

Ukifika kwenye jiwe, usitie vidole chini yake. Likamate kwa kijiti upande ulio mbali nawe, uliinue kuja upande wako. Kwa namna hiyo jiwe lenyewe huwa ngao kati yako na kilicho chini, na mnyama hupata njia ya kukimbia kwa upande wa pili. Tazama kwa haraka, kwani tandu hatakungojea. Kama unataka kumchunguza, mfunike kwa chupa, umsogeze polepole kwa kijiko mpaka aingie, kisha funika. Weka ndani udongo kidogo wenye unyevu, asije akakauka.

Sasa keti kivulini na jamaa yako, mhesabu. Je, pingili moja ina jozi ngapi za miguu? Je, mwili ni bapa au mviringo? Jozi zote ni ngapi? Miguu ya mwisho ikoje? Vipapasio vya kichwani vina urefu gani? Mwenye simu yenye kamera apige picha mbili, moja kutoka juu na moja ya kichwa, huku ameweka kibiriti kando ya chupa ili ukubwa ujulikane. Mwalimu wa sayansi akiletewa picha hiyo pamoja na tarehe na mahali aliponaswa tandu huyo, ataweza kuitumia darasani. Picha isiyo na tarehe wala mahali haimfundishi mtu mengi.

Ukimaliza, mrudishe ulipomtoa, na jiwe ulirudishe lilivyokuwa. Hii ni kwa faida ya udongo, na pia ni kwa heshima. Maana waweza kuinua jiwe ukamkuta tandu mkubwa amejikunja bila kukimbia, ameviringika juu ya mayai au vitoto vyeupe. Huyo ni mama. Hukaa hivyo kwa majuma kadhaa, akiyasafisha mayai yasiote ukungu, naye huenda asiende kuwinda siku zote hizo. Akisumbuliwa mno aweza kuyatupa au kuyala mwenyewe. Ukimkuta, teremsha jiwe taratibu uende zako.

Na neno moja kwa watoto wa nchi iliyopita katika vita: chini ya majani na mawe hamna viumbe peke yao. Mtoto akiona chuma asichokijua, asikiguse wala asikipige kwa kijiti; aweke alama ya mahali, aondoke, amwite askari au polisi aliye karibu.

KWA WALIO KAMBINI NA KWENYE DORIA

Askari hulala mahali ambapo tandu angechagua mwenyewe: ardhini, penye majani, kando ya magunia ya mchanga yenye unyevu. Mazoea machache humkinga.

Viatu visiachwe vimesimama wazi usiku. Vigeuzwe juu ya vijiti viwili, au soksi itiwe mdomoni mwa kiatu, na asubuhi kila kimoja kigongwe kisigino kabla ya mguu kuingia. Blanketi likunjuliwe na kukung'utwa, lisivutwe tu mwilini. Anayepanga kuni za moto azigeuze kwa mguu uliovaa kiatu kabla ya kuzishika. Aliye katika lindo na akahisi kitu kikitambaa shingoni asikipige kofi, maana tandu aliyebanwa ndiye aumaye. Akipanguse kwa upande wa nje wa mkono, kwa pigo moja la haraka. Na kila mtu awe na tochi mahali ambapo mkono wake utaifikia akiwa amelala. Tochi hiyo ndiyo itakayojibu swali kuu: je, kilichouma kilikuwa na miguu?

AKIKUUMA

Uchungu wa tandu mkubwa huja papo hapo, mkali kama kaa la moto, na mahali pale huvimba na kuwa pekundu. Kwa mtu mzima mwenye afya, kwa kawaida uchungu hupungua baada ya saa kadhaa, na uvimbe huisha baada ya siku moja au mbili. Vifo kwa ajili ya tandu ni nadra mno ulimwenguni.

Fanya hivi. Osha jeraha kwa maji na sabuni. Vua pete, bangili na saa kabla uvimbe haujapanda. Kama tandu ameonekana kwa macho, tia mkono au mguu ulioumwa katika maji ya moto ambayo mtu mzima aweza kuyavumilia bila kuungua, kwa muda wa robo saa hadi nusu saa; maji hayo yajaribiwe kwanza na mtu mwingine, hasa kama aliyeumwa ni mtoto. Joto hupunguza uchungu kwa watu wengi. Asiye na maji ya moto atumie kitambaa cha maji baridi. Dawa ya kutuliza maumivu kama parasetamoli hufaa, kwa kipimo cha umri. Ulizia zahanati kuhusu chanjo ya pepopunda kama muda mrefu umepita tangu uchanjwe.

Usifanye haya. Usichanje kwa wembe, kwa kuwa utaongeza jeraha bila kuitoa sumu. Usinyonye kwa mdomo. Usifunge kamba ya kukaza, kwani yaweza kuua nyama ya mguu. Usipake mafuta ya taa. Na lile jiwe jeusi, ambalo katika nchi zetu za Maziwa Makuu hutunzwa katika nyumba nyingi na kubandikwa juu ya jeraha ili "linyonye sumu", halijathibitishwa kuponya sumu ya nyoka wala ya tandu. Hubandika kwa sababu lina vinyweleo vinavyofyonza damu na maji, basi. Hasara yake kubwa ni saa linazozipoteza, watu wamekaa wakilitazama likibandika, huku gari la kumpeleka mgonjwa hospitali halijatafutwa.

Aliyeumwa apelekwe hospitali bila kukawia kama anapumua kwa shida, uso au midomo imevimba, amezimia, moyo waenda mbio mno, au kama ni mtoto mchanga au mzee dhaifu. Apelekwe pia kama baada ya siku mbili jeraha linazidi kuwa jekundu, linatoa usaha au limekuwa jeusi.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ukurasa huu umeandikwa kwa ajili yake. Kama hakuna aliyemwona mnyama, usihukumu kwa alama za ngozini. Alama mbili hazisemi ni nani. Nyoka mdogo aweza kuacha alama ndogo kuliko za tandu mkubwa, na wako nyoka ambao kuuma kwao hakuumi sana mwanzoni, kisha baada ya muda kope za mgonjwa hulegea, akashindwa kumeza na kupumua. Wengine huvimbisha mguu, uvimbe ukapanda kila saa, au damu ikatoka katika fizi. Kwa hiyo kanuni ni hii: asiyeonekana achukuliwe kuwa nyoka. Mgonjwa alazwe, atulizwe, asitembee, kiungo kilichoumwa kisitikisike, na asafirishwe hospitali usiku huo huo. Ikiwa baadaye itajulikana alikuwa tandu, jamaa watakuwa wamepoteza nauli na usingizi wa usiku mmoja tu.

Na kama ameonekana, akawa na miguu ubavuni na mwili bapa, ninyi mliokwisha kumhesabu mchana mtajua. Mtaosha jeraha, mtatia maji ya moto, mtambembeleza mtoto, na mtamwangalia hadi asubuhi bila wembe wala kamba.

NYUMBANI

Tandu haingii nyumbani kwa kutafuta mtu. Huingia kwa kufuata mende na unyevu. Mama wa nyumbani atakayeziba nyufa za ukuta na ufa ulio chini ya mlango, akaondoa kuni na matofali ukutani, akafunika tundu la maji machafu la bafuni kwa wavu, na asiache masalio ya chakula yanayoita mende, atakuwa amemfungia njia. Kitanda kisogezwe mbali kidogo na ukuta, na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Hivyo kitafanya kazi mbili, ya mbu na ya tandu. Watoto wanaolala mkekani nao watundikiwe chandarua, pindo lake likunjwe chini ya mkeka.

Akishaonekana ndani, afunikwe kwa chupa au bakuli, karatasi ngumu ipitishwe chini, atolewe nje mbali na nyumba. Kuku wa uani, wakimwona, watamaliza shauri wenyewe. Ila katika bustani na shamba aachwe, maana kila usiku huwala wadudu ambao mkulima angelazimika kuwanunulia dawa. Na jongoo mpole aachwe kabisa. Akishikwa hutoa maji yenye harufu kali, ambayo huipaka ngozi doa la kahawia na kuwasha macho. Dawa yake ni maji mengi, na mtoto akiyaingiza machoni aoshwe kwa muda mrefu, kisha apelekwe zahanati. Zaidi ya hayo jongoo hana ugomvi na mtu.

Jumapili moja baada ya mvua, ndugu msomaji, chukua kijiti na chupa, uite watoto, mwende nyuma ya nyumba penye migomba. Mgeuze shina moja lililooza. Mtakayemkuta, mhesabuni miguu kwa sauti, mkianza na pingili moja.

Hadi juma lijalo, tunawatakia usiku mwema, na tochi karibu na mto.